Ramani huria ya Cabo Delgado: nyumba zimechorwa, majina bado

ALHAMISI ya Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika pwani ya Cabo Delgado, kati ya Pemba na Mocímboa da Praia. Zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu Kimbunga Idai kiipige Beira, na kumbukumbu za hali ya hewa za Msumbiji hazikuwa na mfano wa vimbunga viwili vyenye nguvu kiasi hicho katika msimu mmoja. Upande wa Msumbiji, Kenneth kiliua watu 45. Katika Kisiwa cha Ibo, kwa makadirio ya mashirika ya misaada, nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika. Macomia, Quissanga na Kisiwa cha Matemo nako hali ilikuwa mbaya.

Waliokwenda kusaidia walikuwa na unga, maturubai na dawa za kusafishia maji. Kilichowapungukia ni jibu la swali jepesi kuliuliza: watu wanaishi wapi hasa? Miji inajulikana. Swali lilihusu vijiji vya wavuvi vilivyojificha nyuma ya minazi, vitongoji vya mashambani, na njia ambazo gari dogo halipiti lakini pikipiki inapita. Ramani za kampuni kubwa zilizomo kwenye simu zetu huonyesha vizuri mahali penye maduka na magari. Kijiji kisicho na hoteli wala kituo cha mafuta hubaki doa la kijani.

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Cabo Delgado. Kundi la kujitolea lijulikanalo kwa kifupi kama HOT, linalotumia ramani huria ya OpenStreetMap kwa ajili ya maafa, lilikuwa tayari limefungua kazi ya kuchora maeneo yaliyopigwa na Idai. Kenneth kilipofika, likafungua kazi nyingine kwa ajili ya Cabo Delgado na visiwa vya Comoro.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Eneo lililoathirika hukatwa vipande vya mraba. Mtu yeyote aliyejiandikisha huchagua kipande, picha ya setilaiti hufunguka mbele yake, naye hufuata kwa kipanya kingo za kila paa na kila barabara anayoiona. Akimaliza huhifadhi, na mwingine mwenye uzoefu zaidi hukagua. Mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, mstaafu wa Ujerumani na karani wa benki London wanaweza kuchora kijiji kimoja usiku mmoja bila kujuana. Paa la bati hung'aa, halina taabu. Paa la makuti chini ya mwembe ndilo linalomtoa mtu jasho, na kwenye pwani hii makuti ni mengi.

Kila chombo kilichotumika katika kazi hiyo ni programu huria: ile inayogawa vipande na kuonyesha kipi kimekaguliwa, JOSM, ambayo wachoraji wazoefu huipenda, QGIS, ambayo wataalamu hutumia kuchanganua ramani na kuichapisha, na zile za kwenye simu, kama OsmAnd, zinazomwezesha dereva kubeba ramani ya mkoa mzima na kuisoma bila mtandao. Hili la mwisho lina uzito wake mahali ambapo mnara wa simu umeanguka pamoja na minazi.

Huria na bure

Inabidi kusimama kidogo hapa, maana maneno haya mawili huchanganya watu. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kufungua msimbo wake uone inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kuwagawia wengine, ya asili au uliyoirekebisha. Aliyelipigania wazo hilo kwa nguvu zaidi ni Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Kiingereza kina neno moja kwa bei na kwa uhuru, na Stallman ametumia miaka mingi kuwaeleza watu anamaanisha lipi. Kiswahili kimetupunguzia kazi hiyo. Tuna maneno mawili, tuyatumie.

OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004, Steve Coast alipochoshwa na hali ya nchi ambayo taasisi yake ya serikali ilikuwa na ramani nzuri sana lakini ikiziuza kwa bei na masharti yaliyowashinda watu wa kawaida. Leseni ya ramani aliyoianzisha inamruhusu yeyote kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje ilikotoka. Na akiiboresha hifadhidata yenyewe na kuitoa kwa umma, aitoe kwa masharti yale yale.

Masharti haya yanaonekana kama mambo ya wanasheria mpaka utazame upande wa pili. Google nayo ilikuwa na chombo cha kujitolea, Map Maker, kilichoanza mwaka 2008. Watu wengi wa Afrika, wakiwamo wa Afrika Mashariki, waliingiza humo mitaa, shule na zahanati za kwao bila kulipwa. Machi 2017 kampuni ilikifunga. Mengi waliyoyaingiza yalihamia kwenye ramani kuu ya Google, ambayo sote tunaitumia bure. Lakini mwanafunzi aliyechora kata yake kwa miezi sita hawezi leo kuomba kazi ile yote apewe aichapishe, aibadilishe au ampe mganga mkuu wa wilaya. Ni mali ya kampuni. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa mtu anayeombwa kujitolea: kabla hujatoa saa zako, uliza zitakuwa za nani kesho.

Tandale ilivyotangulia

Upande huu wa Ruvuma kazi hii ina historia. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kwa kusaidiwa na Benki ya Dunia, walizunguka vichochoro vya eneo hilo wakiweka kwenye OpenStreetMap visima, vyoo, mitaro na madampo. Mwaka 2015 ukazaliwa mradi mkubwa zaidi, Ramani Huria, uliozijumuisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi na Msalaba Mwekundu, kwa lengo la kuchora kata zinazofurika jijini. Programu moja waliyoitumia kupima athari za mafuriko, InaSAFE, ilitengenezwa kwa ajili ya maafa ya Indonesia. Haikuhitaji kununuliwa. Ilihitaji mtu wa kuifungua na kuielewa.

Jambo lililoipa Ramani Huria uzito, hata hivyo, halikuwa kompyuta. Vijana walikwenda kwa wajumbe wa mashina na ramani zilizochapishwa kwenye karatasi, wajumbe wakaonyesha shina linaanzia wapi na linaishia wapi, nani anapaitaje mahali na maji hupita wapi mvua ikizidi. Hakuna setilaiti inayoona mpaka wa shina. Mjumbe anaujua kwa sababu ndiye anayeitwa mtu akifiwa.

Agosti 2018 Dar es Salaam ilipokea mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G, na wajitoleaji wa HOT nao wakakutana hapo hapo. Miezi minane baadaye Kenneth kikapiga Cabo Delgado. Kwa mstari ulionyooka, Palma iko takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam na chini ya 70 kutoka Mtwara mjini. Maputo, mji mkuu wake, iko mbali zaidi ya kilomita 1,600. Kwa hesabu hiyo, wachoraji wazoefu waliokuwa karibu zaidi na pwani ile walikuwa Watanzania. Mpaka wa Ruvuma ndio unaotufanya tusiuone ukaribu huo.

Paa halina jina

Mchoraji aliye Munich anaona paa. Anaona njia, kisima kikubwa, pengine uwanja wa mpira. Haoni jina, kwa sababu hakuna paa lililoandikwa jina. Ndiyo maana baada ya kazi kubwa ya mwaka 2019, sehemu nyingi za ramani ile zina mashada ya nyumba zilizochorwa kwa uangalifu mkubwa bila neno lolote pembeni, au zikiwa na jina moja tu katika tahajia ya Kireno.

Msomaji wa Kiswahili akisafiri kwa kidole kutoka Ruvuma kushuka kusini atayatambua mengi ya majina hayo akiyatamka kwa sauti. Quionga ni Kionga, ile pembe tatu ambayo Wajerumani waliichukua mwaka 1894 na Wareno wakairudisha mwaka 1916. Ghuba iliyo mbele ya Palma ni Tungi, jina lililokuwa la usultani kabla ya mji kuitwa Palma. Mocímboa da Praia kwa Wamwani ni Nsimbwa. Mucojo ni Nkojo, Quissanga ni Kisanga, na Ibo ni Wibu. Kimwani ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mtu wa Mafia akikaa nao wiki moja baraza ni moja. Kireno chenyewe cha Msumbiji kimeazima kutoka huku: shamba huko huitwa "machamba", na hakuna anayeona ajabu.

Sasa fikiria mama anayepiga simu kuomba msaada na kusema anatoka Nkojo. Anayepokea simu Maputo ana orodha yenye Mucojo. Kwenye karatasi haya ni maeneo mawili. Kwa mtu anayesikia Kimwani ni mahali pamoja, wala hahitaji kufikiri. Kompyuta inaweza kufundishwa hilo kwa njia rahisi sana, kwani OpenStreetMap inaruhusu mahali pamoja kuwa na majina mengi, kila moja na lebo ya lugha yake: pt kwa Kireno, sw kwa Kiswahili, wmw kwa Kimwani, kde kwa Kimakonde. Ipo pia lebo ya jina mbadala na ya jina la zamani. Nafasi zimeachwa wazi. Zinasubiri mtu wa kuzijaza, na mtu huyo hawezi kuwa wa Munich.

Haiti ilitufundisha hili mwaka 2010. Baada ya tetemeko la Januari, jukwaa la Ushahidi, ambalo Wakenya walikuwa wamelitengeneza mapema mwaka 2008 ili kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, lilitumika kupokea ujumbe mfupi wa simu kutoka Port-au-Prince. Ujumbe mwingi uliandikwa kwa Krioli cha Haiti, ukitaja mitaa kwa majina ya wenyeji. Waokoaji wa kigeni hawakuweza kuusoma. Waliousoma, wakautafsiri na kuonyesha mahali palipotajwa ni wapi walikuwa Wahaiti wa kujitolea walioko Marekani, Kanada na kwingineko, watu waliokulia kwenye mitaa ile. Programu ilitoka Nairobi, ramani ilichorwa na dunia nzima, lakini mtaa ulitambuliwa na mtoto wa mtaa.

Pwani ya Cabo Delgado ina watoto wake pia nje ya mipaka. Wapo Wamakonde wa Mtwara, Dar es Salaam na Zanzibar. Wapo wa Kwale nchini Kenya, waliopelekwa au kwenda wenyewe kwenye mashamba ya mkonge na miwa enzi za ukoloni, na ambao serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa raia mwishoni mwa 2016. Wapo Wamwani waliovuka kwa biashara ya samaki na nguo. Kwa mtu wa namna hiyo, kuandika majina ishirini ya vitongoji alivyovijua utotoni, au vya mama yake, ni kazi ya jioni moja.

Wenye majina wametawanyika

Haraka ya jambo hili haitokani na kimbunga peke yake. Oktoba 5, 2017, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na vita vilivyofuata vimewahi kufikisha idadi ya waliokimbia makazi yao kwenye watu milioni moja hivi. Palma ilishambuliwa Machi 24, 2021. Mucojo imepigwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2020 mashua zilizojaa watu kutoka kaskazini zilikuwa zikitua kwenye ufukwe wa Paquitequete, mtaa wa wavuvi wa mjini Pemba, na maelfu ya watu hao wakapokewa na ndugu, wengine wakapelekwa makambini Metuge na wilaya za ndani. Tangu wanajeshi wa Rwanda na wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika walipoingia mwaka 2021, watu wengi wamerudi. Wengine hawajarudi, na wapo wazee ambao hawatarudi tena.

Kijiji kilichohamwa huacha misingi ya nyumba, na setilaiti itaiona kwa miaka mingi. Jina lake huondoka na watu. Mahali ambapo vizazi vitatu vilipaita kwa jina la kisima fulani panakuwa pori lisilo na jina, hasa kama karani wa kijiji alikufa au daftari lilichomwa.

Hilo lina matokeo kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inatambua haki ya jamii iliyokalia ardhi kwa mila, na inakubali ushahidi wa mdomo wa wanajamii. Ni sheria nzuri kwa watu wasio na hati. Lakini ushahidi wa mdomo unahitaji midomo iliyo mahali pamoja, na majina ambayo mashahidi wanakubaliana. Ramani ya kujitolea si hati ya kisheria na asitokee mtu akaiuza hivyo. Inaweza tu kuwasaidia watu waliotawanyika Metuge, Pemba na Mtwara kukumbushana, wakiwa mbele ya karatasi moja, kwamba shamba la fulani lilikuwa upande huu wa mto na makaburi upande ule.

Ndiyo maana naona pa kuanzia si ofisini. Ni barazani Paquitequete, na ramani iliyochapishwa kwa QGIS kwenye karatasi kubwa, picha ya setilaiti chini yake, kalamu mbili tatu, kahawa, na vijana wawili wanaojua kusoma ramani na kusikia Kimwani. Wazee hawahitaji kugusa kompyuta. Usiku vijana wanaingiza majina yale kila moja na lebo ya lugha yake. Wakikutana na majina mawili ya mahali pamoja wanayaandika yote mawili; ugomvi wa lipi ni sahihi ni wa wenyeji, si wa programu.

Ramani wazi kwenye eneo la vita

Kuna pingamizi moja ambalo watetezi wa programu huria hulipita haraka mno. Ramani iliyo wazi kwa daktari iko wazi kwa mwenye bunduki. Ukichora mahali waliporudi watu, umemwambia kila mtu kwamba watu wamerudi.

Wapo wanaojibu kwamba wapiganaji wa Cabo Delgado ni wenyeji, wanazijua njia za msituni kuliko ramani yoyote. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Mwaka 2022, vita vilipopamba moto Ukraine, wachoraji wa OpenStreetMap wa nchi hiyo waliwaomba wenzao wa dunia nzima waache kuhariri ramani ya Ukraine kwa muda. Hawakuwa waoga, walikuwa wanajua thamani ya kile walichokuwa wanakijenga. Wachoraji wa pwani ya Cabo Delgado nao wana haki ya kusema hapa tusichore sasa, na wa Dar es Salaam au London akiambiwa hivyo anyamaze.

Yapo mambo ambayo hayana ubishi. Kambi za askari na vizuizi vya barabarani visichorwe. Jina la mtu, kabila lake, dini yake au nyumba yake visiingizwe kabisa. Mahema ya waliokimbia yachorwe tu pale wenyewe na wanaowahudumia wamekubaliana, na kwa sababu inayoeleweka. Kwa upande mwingine, kisima, zahanati, shule, barabara na jina la kijiji ambacho kimekuwapo tangu enzi za mababu ni vitu ambavyo kuvificha kunamuumiza mgonjwa zaidi kuliko kunavyomzuia mwenye bunduki. Katikati ya makundi hayo mawili kuna mambo mengi ya kujadiliwa, na hayawezi kuamuliwa na mtu aliyekaa mbali.

Kuna pia suala la umri wa picha. Nyumba zilizochorwa kutokana na picha ya kabla ya vita bado zinaonekana kwenye ramani kana kwamba moshi wa jikoni unafuka. Anayepanga chanjo akizihesabu atapeleka dozi mahali pasipo na mtoto. Kazi ya kujitolea ya Cabo Delgado kwa sasa ni kufuta kama ilivyo kuchora, na kufuta hakuna anayekupigia makofi.

Nani analipia bando

Hoja ya programu huria huletwa kwetu mara nyingi kama mahubiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi nzito na ya heshima. Watu walikaa wakaunda maneno ambayo hayakuwapo. Leo ni wachache wanaoikumbuka. Nadhani sababu ni kwamba ilifika ofisini kama zawadi, bila kazi ambayo ilikuwa imekwama kwa kuikosa. Karani alikuwa tayari na programu aliyoizoea, aghalabu ya wizi, na hakuona kwa nini aiache.

Ramani imefaulu zaidi kwa sababu inaanza na tatizo. Kijana anakuja kuchora mtaro unaofurika, na katikati ya kazi anajikuta anatumia QGIS. Miezi michache baadaye anaweza kuifundisha. Dar es Salaam baadhi ya waliopitia Ramani Huria waliendelea na kazi hii kupitia OpenMap Development Tanzania, na ujuzi ukabaki nchini. Serikali zetu nazo zinatumia programu huria zaidi ya zinavyotangaza. Mfumo wa takwimu za afya wa Msumbiji, SIS-MA, umejengwa juu ya DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia hiyo hiyo. Mtunza takwimu wa Mtwara na mwenzake wa Pemba wanabofya vitufe vilevile kila mwezi. Kinachowatenga ni lugha ya maneno yaliyo kwenye vitufe.

Lakini kujitolea kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo humwangukia asiye nayo. Anayechora akiwa Ulaya ana umeme, intaneti isiyokatika na chai mezani. Kijana wa Pemba ananunua bando kwa fedha ya mfukoni, na akitumwa visiwani kuthibitisha majina lazima alipe nauli ya mashua na kula huko siku mbili. Nimeona miradi ambayo kila mtu ndani yake analipwa mshahara isipokuwa yule anayetembea juani, ambaye anaitwa "mjitoleaji". Hapo neno la kujitolea limegeuzwa kichaka. Saa za mtu ni zake kuzitoa. Nauli, bando na chakula ni juu ya aliyemtuma, na fedha hiyo haifiki hata bei ya leseni ya kompyuta moja ya programu ya ramani inayouzwa.

Vyuo vya Mtwara na vya Pemba vinaweza kulianza jambo hili bila kusubiri mkataba wa mawaziri. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika tangu mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, miezi minne baada ya Kenneth. Wanafunzi wa pande mbili hawahitaji mkalimani, na mwongozo mmoja wa kurasa chache kwa Kiswahili, ukipitishwa mikononi mwa mtu wa Ibo ili aweke maneno ya Kimwani, utasomeka kuanzia Lindi hadi Quissanga.

Kazi ya kwanza inaweza kuwa ndogo kabisa. Kusini mwa Palma, kwenye Rasi ya Afungi, mradi wa gesi ulipewa haki ya kutumia hekta 7,000 hivi, na watu wa Quitupo wakahamishiwa kijiji kipya kiitwacho Quitunda, chenye nyumba za saruji zilizopangwa mistari. Quitunda ni rahisi kuichora; mtu wa Munich ataimaliza kwa saa moja. Quitupo ilikuwa na mitaa, miti ya mikutano, makaburi, mahali pa kuanikia dagaa na pa kuegeshea mitumbwi, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Waliokuwa wakiyatumia majina hayo wengi bado wako hai, na lebo ya jina la zamani inapokea herufi mia mbili na zaidi.